Tobaa ya Mbele ya Bi Mejumaa

Juzi mlipokuja kunitazama nyumbani, vijana wangu wa karakana, mmoja wenu aliniuliza, "Mzee Hamisi, katika miaka yote ile ya uchomeleaji, kazi gani ilikushinda?" Mimi nikawaagizia chai na mahamri, nikaanza kuwasimulia habari za magoti yangu. Mkadhani uzee umenisahaulisha swali. Sikusahau. Mke wangu alikuwa ameketi palepale, na kisa hicho yeye hapendi kukisikia, maana wiki ile nilikuwa silali, chakula sikigusi, na lawama zote nikaziangushia mchuzi wake.

Leo ameenda harusini Jego, nyumba imenyamaza. Sikilizeni basi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuwa ni kufunga tobaa ya mbele kwenye pikapu kuukuu. Tobaa mnaijua: lile bomba la chuma la pembe nne linalofungwa chini ya gari, ukachomeka mkono wa tela ndani yake, ukatia pini, ukaenda zako. Kwa kawaida hukaa nyuma. Sisi Ukunda tunaliita tobaa kwa kuwa ndivyo ulimi wetu ulivyolipokea jina hilo, na baada ya yaliyonipata nimeona jina limefaa kweli, kwa sababu mimi nililifunga mara ya kwanza nikatubu mara ya pili.

Bi Mejumaa alinijia karakana siku ya Jumatatu asubuhi. Alikuwa mama wa makamo, amejifunga leso mbili, na ndiye aliyekuwa akiendesha. Pikapu ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani, na ilikuwa na rangi tatu: ile iliyokuja nayo, ile iliyopakwa kwa brashi, na kutu. Mejumaa alikuwa dereva wao. Marehemu mumewe alikuwa akipeleka mboga kwenye hoteli za Diani, na ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Alipokufa, Mejumaa hakurudi jikoni.

Alishuka, akanigeukia mwili mzima, mabega na kiuno pamoja, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Niliona. Sikuuliza.

"Salaam aleikum, fundi."

"Wa aleikum salaam, dada. Karibu. Gari lina nini?"

"Gari halina neno. Nataka tobaa."

"Mbona nyuma iko?"

"Nataka ya mbele. Nataka tela likae mbele yangu, nilisukume mpaka ufuoni."

Nilicheka, wanangu. Nilicheka hata mafundi wenzangu wakaacha grenda wasikie kuna nini. Nikamwambia, "Dada, tela ni mkia. Umeona wapi mkia umeota puani?"

Yeye hakucheka. Alitazama chini, akasema, "Wewe nifungie tu, fundi."

Nikamfungia. Nilikata kipande cha bomba la pembe nne, nikakichomelea katikati ya bampa ya mbele, nikakitilia mbavu mbili ndogo pembeni, nikakipaka rangi nyeusi. Nusu siku tu, na adhuhuri haijaadhiniwa kazi imekwisha. Ilipendeza. Rangi nyeusi mbichi ni kama kanzu ya Idi, humsitiri kila mtu. Nikajiambia kwamba yeye ataka kusukuma, na kwa kusukuma bampa inatosha: nguvu inakwenda nyuma, bampa inaegemea chesisi, mambo yamekwisha.

Ijumaa, baada ya sala, simu ikalia. "Fundi," alisema Mejumaa, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Njoo Kibuyuni. Njoo uone."

Sasa nieleze njia yao ilivyo, maana bila njia hiyo hamtanielewa. Kutoka kwenye ghala lao mpaka mahali wanapoanikia mwani kuna kichochoro cha mteremko. Upande huu ukuta wa mawe ya matumbawe, upande huu uzio wa miti na miba, na chini kabisa ni vichanja vya kuanikia, halafu mwamba, halafu maji. Gari linapita kwa shida. Pa kugeuzia hapana. Kwa hiyo tela likiwa nyuma, dereva hana budi kushuka kinyumenyume, tela linatangulia, na yeye anatazama nyuma njia nzima. Na tela dogo ukilirudisha nyuma lina kiburi: ukikata kulia lenyewe laenda kushoto.

Tela likiwa mbele, mambo hugeuka. Unashuka nalo ukiliona. Mkishapakia, unaweka gia ya nyuma unapanda, tela linakufuata taratibu kama mbuzi anayejua nyumbani, na wewe wahitaji vioo vya pembeni tu. Lakini angalieni hapo: unapopanda, hulisukumi tena. Unalivuta, na sasa limejaa. Nami nilikuwa nimefunga kitu cha kusukuma.

Bampa ilikuwa imeng'oka nzima. Ilitoka na boliti zake na vipande vya bati lililooza, ikabaki inaning'inia kwenye mkono wa tela. Weldi yangu haikuwa imeachia hata kidogo, ingali inang'aa. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimefanya kazi safi juu ya kitu kibovu.

Tela lenye magunia ya mwani mkavu lilikuwa limeteremka lenyewe kichochoro kizima, na mbele yake alikuwa anapanda Bi Riziki, mwenyekiti wa kikundi, na beseni mkononi. Alijirusha kwenye uzio wa miba. Tela likampita, likagonga mwamba, likapinduka, magunia yakaingia majini. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha ghala, mkono wake umefungwa kitambaa, leso yake imechanika, na akina mama wamemzunguka. Nilimpa pole. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Fundi," alisema, "ningekufa leo, watu wangesema ni ajali, ni kazi ya Mungu. Lakini kazi ya Mungu ni kazi ya Mungu, na hii ni kazi yako. Tusichanganye."



Akaendelea, "Na Mejumaa ni kama dada yangu. Lakini mwezi uliopita amegonga ukuta mara mbili akirudi nyuma, na sasa hili. Alhamisi ijayo tunakaa kikao. Gari tutatafuta dereva mwingine."

Mejumaa alikuwa amesimama peke yake kando ya gari, mkono shingoni. Nikamwendea. Ndipo akanieleza, kwa maneno machache, kwamba mwaka uliotangulia aliteleza mwambani na gunia la mwani mbichi kichwani, na tangu hapo shingo yake haigeuki. Hospitali walimwambia imejifunga, amshukuru Mungu mikono inafanya kazi. Mbele anaona vizuri. Vioo anaona. Ila kugeuza uso atazame nyuma ya bega, hawezi.

"Mbona hukuniambia, dada?"

Akanitazama. "Ulikuwa unacheka."

Nimefanya kazi zaidi ya miaka thelathini na mitano. Nimeungua, nimeingiwa na vumbi la chuma jichoni, nimeangukiwa na jeki. Neno lile liliniumiza kuliko vyote hivyo.

Kesho yake nilikwenda Msambweni kwa Fundi Mutiso. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mkamba aliyeletwa huku na kiwanda cha sukari, kiwanda kikafungwa, yeye akabaki. Alioa kwetu, akazeeka kwetu, lakini Kiswahili chetu alikikataa mpaka mwisho. Wakati huo alikuwa ameacha kazi nzito, anatengeneza vyerehani barazani kwake, na miguu yake imevimba. Nilimwamkia, "Shikamoo, fundi," akaitikia bila kuinua macho, "Marahaba. Umeharibu nini?"

Nikamsimulia yote. Alisikiliza huku anafungua cherehani, skrubu moja baada ya moja, anazipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Nilipomaliza akaniuliza, "Hiyo bampa, Hamisi, ni ya kazi gani?"

"Ya kukinga gari."

"Hiyo ni kofia. Mtu akitaka kukuvuta, anakushika kofia?"

"Hapana, fundi."

"Anakushika wapi?"

"Mfupani."

"Sasa mfupa ya gari ni gani?"

"Chesisi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hapo ndipo aliponitazama. "Na hii tela, ikienda inasukumwa. Sawa. Ikirudi inakuja na nini? Inakuja na teksi?" Kisha akaongeza, taratibu, "Hukuuliza mama anabeba nini, anapita wapi, anarudi aje. Uliuliza chuma peke yake. Chuma haina mdomo. Mwenyewe yuko na mdomo."

Nikamwambia nataka kuacha kazi hiyo, nimrudishie kila kitu, wamtafute fundi mwingine. Akacheka mpaka akakohoa. Akanisimulia jinsi yeye, enzi za kiwanda, alivyosahau kufunga pini ya tela la miwa, tela likabaki katikati ya daraja, na meneja mzima nyuma yake na gari lake, hana pa kupita. "Ulifanya nini?" nikauliza. "Nililia kidogo," alisema. "Halafu nikachukua spana. Wewe umeshalia?" Nikasema bado. "Basi lia upesi, Alhamisi iko karibu."

Jumapili Mejumaa alileta gari karakana, bila bampa, mdomo wazi kama mtu aliyeng'olewa meno. Nikamwomba radhi mbele ya mafundi walewale waliosikia kicheko changu. Akasema, "Yameisha. Leo mimi siendi nyumbani. Nataka nione unavyofunga." Na akaona. Akavaa suruali chini ya dera, akalala chini ya gari upande wa pili, kwa mgongo, kwa sababu hivyo ndivyo shingo yake inavyopenda.

Nanyi sasa nawaambia tulivyofanya, maana hili mtalikuta. Siku hizi nasikia mwaagiza tobaa zilizokwisha kutengenezwa, zinakuja katika boksi na boliti zake, kila tundu mahali pake. Vizuri sana. Lakini hizo ni za magari ambayo waliozitengeneza wanayajua. Gari la miaka thelathini lililokula chumvi ya Kibuyuni, hakuna boksi linalolijua.

Kwanza tuligonga. Chukua nyundo ndogo, igonge chesisi kutoka puani kwenda nyuma, kila baada ya kiganja kimoja, usikilize. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza husema "tup", kama nazi mbovu. Upande wa kulia ulilia vizuri. Upande wa kushoto, palepale bampa ilipokuwa imeshikwa, ulisema "tup". Nikasugua kwa brashi ya waya, bisibisi ikapita ndani. Chumvi haili chuma kwa nje, inakaa ndani ya mkunjo na kula pole pole, rangi ikiwa juu inatabasamu. Nikakata paliooza, nikaziba kwa bamba nene, nikalirefusha nyuma mpaka nikafika kwenye chuma kinacholia.

Halafu tulitafuta matundu ya asili. Pikapu za zamani mbele huwa na ndoano za kufungia kamba, na waliozifunga kiwandani walijua pana mfupa. Tulizitoa ili tupate matundu yake. Yaani tulitaka kuzitoa. Boliti zilikuwa zimegandamana na gari kama ndugu. Tulizimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, tukamwaga tena asubuhi, tukapasha moto, tukazungusha mbele kidogo na nyuma kidogo. Usiwe na haraka hapo, mkono wenye haraka huvunja. Mimi nilikuwa na haraka, nikavunja moja. Nusu siku ikapotea kuitoboa na drili.

"Hii nayo ni kazi yako au ya Mungu?" Mejumaa aliniuliza kutoka upande wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania.

Tukapima kwa katoni. Nilipasua boksi la sabuni, nikalibandika ubavuni mwa chesisi, nikaweka alama za matundu kwa penseli, nikalikata mpaka likakaa sawa, ndipo nikahamishia kwenye bamba la chuma. Katoni ukikosea unakata nyingine. Tulifanya mabamba mawili, kulia na kushoto, na katikati chuma cha kuyaunganisha, na bomba la pembe nne limelala chini yake. Nikaangalia lisizibe upepo wa rejeta, na lisining'inie chini sana, maana njia ile ina ngazi ya mwamba.

Boliti nilinunua mpya, na hapa fungueni masikio. Tazama kichwa cha boliti. Iliyo ngumu imepigwa namba, nane nukta nane au zaidi. Isiyo na namba ni bubu, na boliti bubu ifungie kabati la mke wako. Kuna tundu moja halikuwa na njia ya mkono, chesisi imefungwa kama boksi pande zote. Fundi Mutiso alikuwa amenifundisha: kunja waya kama springi, upitishe kwenye tundu mpaka utokee mwisho wa chesisi, uzungushie boliti kwenye ncha, halafu uvute, boliti itakuja ndani mpaka ichungulie tunduni. Tulivuta mara sita, mara sita ikaanguka ndani. Ya saba Mejumaa akasema, "Hebu." Akatia mkono wake kwenye uwazi ambao mimi sikuweza kutia hata vidole, mkono uliozoea kufunga miche ya mwani kwenye kamba ndani ya maji, bila kuiona. Boliti ikatokea. Akaishikilia hapo, mimi nikatia nati.

Usikaze moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Zote kwa vidole kwanza, ulinganishe, ndipo spana ndefu. Na minyororo miwili ya kushikilia tela, iliyofungwa kwenye chesisi kwenyewe, ili pini ikikosa adabu mnyororo uwepo. Mara ya kwanza sikuweka mnyororo hata mmoja. Mnaona nilivyokuwa?

Jambo moja dogo: tobaa ya mbele hutoka nje ya gari, na muundi wa mguu wa binadamu uko kimo kilekile. Mkono wa tela ukimaliza kazi, uchomoeni. Karakana nzima ilichechemea wiki ile.

Jumatano tulipakia tela kokoto, tukalipeleka kwenye machimbo ya matumbawe, Mejumaa akalivuta mlimani mara nne. Nikalala chini na tochi, nikakagua kila nati. Hakuna iliyotikisika. Nikamwambia, "Kesho, inshallah." Akajibu, "Kesho," lakini midomo yake ilikuwa mikavu.

Alhamisi tulifika Kibuyuni saa nne. Akina mama walikuwa chini kwenye vichanja wanajaza magunia kwa haraka, kwa sababu upande wa Vanga mbingu ilikuwa imetandwa na weusi. Mwani mkavu ukinyeshewa umeharibika. Kikao kilikuwa kimepangwa baada ya sala ya adhuhuri. Mejumaa alichomeka tela mbele, nikatia pini, nikafunga minyororo, akashuka nalo kichochoro kizima bila kugusa ukuta wala uzio. Nilitembea nyuma ya gari. Nilimwona kupitia kioo cha nyuma, mgongo umenyooka, kichwa kimetulia, anatazama anakokwenda.

Tela likajazwa. Ndipo Bi Riziki akasimama katikati ya njia. Mkono wake bado ulikuwa na kitambaa.

"Kushuka tumeona," alisema. "Hata mara ile ulishuka. Kupanda ndiko kulikotaka kuniua. Hakuna mtu wangu atakayesimama kwenye njia hiyo."

"Sahihi," nikasema. "Waondoe wote. Wapite nje ya uzio." Halafu mdomo wangu ukasema jambo ambalo kichwa changu hakikuwa kimeamua. "Mimi nitapanda juu ya tela."

"Fundi!" Mejumaa alichungulia dirishani. "Mimi sitaki kuua mtu wa watu."

"Hutaua. Nenda pole pole."

Ninyi msifanye hivyo. Nawaambia wazi: tela si la kubeba watu, na kazi hupimwa kwa kokoto, si kwa roho. Lakini nilimwona Bi Riziki anavyonitazama, na nilijua kwamba maneno yangu kwake hayana thamani tena. Nilikuwa nimebakiwa na mwili wangu tu. Nikapanda juu ya magunia, nikaketi nimeelekea gari. Nyuma yangu mteremko, mwamba na maji. Mbele yangu, nyuma ya kioo, hatua tano tu, Mejumaa.

Akatia gia ya nyuma. Minyororo ikanyooka. Tukaondoka.

Hatukuwa na pengine pa kutazama isipokuwa kutazamana. Yeye alitazama kioo cha kulia, kioo cha kushoto, kisha mimi. Kulia, kushoto, mimi. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu, nami nikajikuta nasoma pia, Ayatul Kursi, na nikaikosea kama mtoto wa chuo cha Kurani. Ukuta ulipita kulia kwangu, miba ikapita kushoto. Tukafika kwenye ile ngazi ya mwamba. Magurudumu ya nyuma ya gari yakapanda, ya mbele yakapanda, na tela likagota.

Kong!

Mejumaa akafunga breki ghafla. Macho yake yalikuwa yametoka. Chini huko nikasikia mwanamke mmoja akipiga kelele. Na mimi, nitawaambia kweli kwa kuwa mke wangu hayupo, nilishika gunia kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mamaye.

Kisha nikatazama chini kati ya miguu yangu. Pini ipo. Minyororo ipo. Mabamba hayajasogea hata unywele. Ni ule mkono wa tela tu, una nafasi ndogo ndani ya bomba, na nguvu ikibadilika upande hugonga. Tobaa zote hugonga hivyo. Nilikuwa nalijua hilo tangu ujana wangu, na kwa kitambo kile nilikuwa nimelisahau lote.

"Ni nafasi ya pini!" nikamwita. "Haijakatika! Vuta, dada, vuta!"

Alifuta jasho kwa pembe ya leso. Akaachia klachi taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto. Tela likapanda ngazi, gurudumu moja, kisha la pili, likafuata. Na likaendelea kufuata, mpaka ukuta ukaisha, mpaka nikaona paa la ghala juu ya kichwa cha Mejumaa, mpaka ardhi ikawa tambarare na injini ikashusha pumzi.

Sikushuka mara moja. Nilikaa juu ya magunia yale nikisubiri, nadhani, mtu aseme neno. Akina mama walikuwa wanakuja mbio kutoka upande wa uzio, na tone la kwanza la mvua likaniangukia usoni.

Bi Riziki ndiye aliyefika wa kwanza. Alipita kwenye tobaa bila kuitazama, akashika gunia nililokalia.

"Fundi, shuka basi! Umekalia mzigo wetu na mvua hiyo!"

Nikashuka. Wakapanga mstari, magunia yakaanza kwenda mkono kwa mkono, nami nikaingia kati, nikapokea la kwanza, nikapokea la pili. Mejumaa alikuwa ameshuka, naye akabeba, amenyooka vilevile na shingo yake. Mvua ilishuka tulipobakiwa na magunia mawili. Tukayatupia ndani, tukaingia sote, tukasimama ghalani tumelowa na tunahema, harufu ya mwani imetujaa.

Adhuhuri iliadhiniwa. Hakuna aliyetaja kikao. Bi Riziki alikuwa anakamua leso yake mlangoni, ametupa mgongo, anaangalia mvua.

"Mejumaa," alisema, bila kugeuka. "Kesho maji yanakupwa mapema. Utakuja saa ngapi?"

Mejumaa alisogea mlangoni, akasimama kando yake.

"Saa moja unusu, dada, inshallah," alisema. "Waambie wajaze magunia mapema."